Jiwe Lililobaki kwenye Beseni

Mama mzee wa jirani yangu hakuwa na salamu za kawaida. Wengine watakuuliza umeamkaje, watoto wazima, mvua ya jana imekuachia bati. Yeye aliketi kibarazani kwao, hapa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, miguu kainyoosha juani, na kila nilipopita aliniuliza neno moja tu.

"Mashini ilionekana?"

"Bado, mama."

"Itaonekana. Mutoto wangu haibi."

Aliniuliza hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimjibu kweli. Mwaka wa mwisho wa maisha yake nilikuwa namdanganya, na huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza, ingawa siwezi kuufikia bila kupitia vita.

Mimi ni mshonaji. Nimeshona sare za shule, kanzu za Waislamu wa mjini siku za Idi, nguo za kwaya, na vikwembe, vile vitenge vya akina mama wanaotaka mshono wa Kinshasa kwenye mwili wa Kindu. Cherehani yangu ya kwanza, au mashini kama tunavyosema huku, niliachiwa na mzee mmoja Mwislamu aliyenifundisha kazi kwenye baraza lake, macho yake yalipoanza kumkataa. Ilikuwa ya chuma cheusi, ya kuzungusha kwa mkono. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Kila asubuhi alivuka mto kwa pirogi kwenda stesheni, hata ile miezi treni ilipokuwa haiji tena, kwa sababu alisema stesheni isiyo na mtu huota majani. Alikuwa mpole. Ukali wa nyumba ile ulikuwa wangu wote.

Vita vilipokaribia, kila nyumba ilizika mali yake kabla ya kukimbilia porini. Sufuria, mabati, baiskeli zilizofunguliwa vipande vipande, vyote viliingia ardhini. Sheria ya kuzika mali ni moja: jirani asione. Sisi tulionekana. Asubuhi na mapema, mume wangu akiwa ndani ya shimo kando ya migomba, mimi nimeikumbatia mashini kama mtoto mgonjwa, jirani yetu akatokea na kigae chake kuomba moto. Alikuwa amenizidi miaka michache. Mimi nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo wangu. Hakujifanya hajaona. Aliweka kigae chini, akatusaidia kukanyaga udongo, akatandaza majani makavu ya mgomba juu yake.

"Sasa hata mimi nimeshasahau iko wapi," akasema.

Tukacheka wote watatu. Kisha akachukua moto wake akaenda.

Hakukaa porini muda mrefu. Mama yake tayari alikuwa hawezi kutembea vizuri, na mvua ya kule msituni ilimwingia kifuani, kwa hiyo baada ya wiki mbili yaya alimrudisha nyumbani, liwalo na liwe. Sisi tulibaki. Mume wangu alirudi mjini mara moja tu, kutazama nyumba. Alipotufikia tena porini alikuwa na chumvi imefungwa kwenye jani, na homa mwilini. Chumvi! Tulikuwa tumekula sombe, majani ya mihogo, ya maji matupu mpaka ulimi umesahau. Sikumwuliza ameitoa wapi. Yeye aliniambia neno moja: "Mashini iko sawa, usiogope." Siku ya tatu homa ilimchukua. Tulimzika kule kule, bila sanduku na bila wimbo. Mimi niliyewashonea watu wengi nguo ya mwisho nilimfunika mume wangu kwa shuka la kulalia.

Niliporudi Alunguli na watoto watatu, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kufagia, kilikuwa kuchimba kando ya migomba. Nilichimba mpaka magotini. Nilichimba mpaka kiunoni. Hapakuwa na kitu.

Waliojua shimo lile walikuwa watu watatu. Mmoja amekufa, mmoja ni mimi. Nilikwenda kwa yaya bado nina udongo mikononi, naye akanikumbatia kwa msiba wangu, akalia kuliko nilivyolia mimi, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kukiona kikopo cha chumvi karibu na moto wake. Mji mzima hauna chumvi, yeye anayo. Nilimwuliza. Akasema aliipata kwa mtu aliyetoka upande wa Lubutu na baiskeli. Mimi kichwani nilikuwa nimeshakata hukumu: mashini yangu imegeuzwa chumvi.

Siku zile tribinali ilikuwa imefungwa, hakimu amekimbia, na wenye silaha ndio waliokuwa wakituibia wenyewe. Kwa hiyo akina mama wa kanisa letu walianzisha Jumatano ya mashitaki. Mwenye kesi alifunga, akaleta jiwe dogo la mtoni lililozungushiwa kipande cha nguo ili alitambue, akalitia kwenye beseni la bati mbele ya mimbari. Ukitaka ulisema kesi yako kwa sauti, ukitaka ulimwambia Mungu peke yake. Jiwe lilikaa pale mpaka Mungu ajibu. Akishajibu, ulilitoa mwenyewe, ukashuka nalo mtoni na kulirudisha kwenye maji, huku wenzako wakiimba nyuma yako. Wengine walimwomba mtoto aliyechukuliwa, wengine mume, wengine mbuzi. Vipande vya nguo vilitoka kwangu, masalio ya mishono ya kabla ya vita. Ilikuwa desturi nzuri. Iliwapa watu mahali pa kuweka uchungu wao badala ya kuuweka kwenye panga. Sitaki mtu aseme ubaya ulitoka kwenye beseni.

Kabla ya Jumatano yangu nilipita kwa yule mzee aliyenifundisha kushona. Alikuwa haoni tena, lakini vidole vyake bado vilipapasa pindo la kanzu yake kutafuta kosa la mshonaji. Nilimweleza yote.

"Ulimuona na macho yako?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi umwambie Mungu mashini yako imepotea. Usimutajie jina la muntu. Yeye iko anajua."

Niliona mzee amechoka. Niliona pia, Mungu anisamehe, kwamba Mwislamu atanifundisha nini kuhusu kanisa langu.

Yaya alikuwa ameketi benchi la tatu, mama yake ubavuni. Nilisimama na jiwe langu nikamtaja jina, jina lake lote na la baba yake, ili Mungu asikosee nyumba. Nikasema: "Mungu wa haki, huyu njo aliniibia. Umulipe, na mimi nione." Kanisa likaitika amina. Amina ile ilikuwa kubwa. Watu walikuwa na hamu ya kumwona mwizi mmoja akilipwa, maana wale wengine wote walikuwa na bunduki.

"Sikuchukua, mudogo wangu," yaya alisema.

Ni mama yake tu aliyesema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele: "Mutoto wangu haibi."

Jumatano iliyofuata yaya naye alileta jiwe. Kitambaa chake kilikuwa cha buluu chenye maua meupe, kipande nilichompa mimi zamani kilichobaki kwenye gauni lake. Hakusema kitu kwa sauti. Alilitia kwenye beseni, akainama kidogo, akarudi benchini. Nilijua kabisa ameomba nini. Mtu uliyemshitaki mbele ya kanisa zima atakuombea nini, kama si mabaya?

Sasa nifike pale ambapo mkono wangu unakataa kuandika. Wakati ule hakuna mwanamke aliyekwenda shambani peke yake. Tulikusanyika mwanzoni mwa njia, tukahesabiana kwa sauti, kila mmoja akiitika namba yake. Na kurudi tukahesabiana tena. Namba ikikosekana, wote wanarudi kutafuta. Baada ya mashitaki yangu, akina mama walisema hawawezi kumhesabu mtu ambaye Mungu anamtafuta, asije akawaletea radi yake. Asubuhi moja yaya alisimama na kikapu chake mahali pake pa siku zote, na hesabu ikamruka. Alitazama huku na huku. Mimi nilikuwa wa saba. Ilipofika zamu yangu niliitika, "Saba," na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Akaanza kwenda peke yake, kwa sababu mama yake lazima ale. Siku moja hakurudi. Wanaume wenye silaha walimkuta kwenye mihogo yake, wakamtwika mizigo yao, wakaenda naye mbali kuelekea Pangi. Alirudi baada ya wiki tano, akiburuta mguu wa kushoto uliovunjika na kujiunga vibaya. Mengine yaliyompata hakuyasema, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Nami Jumatano ile nilisimama kanisani nikatoa shukrani. Nilisema malipo ni hapa hapa duniani. Nikatoa jiwe langu kwenye beseni, nikashuka nalo mtoni, na akina mama wakaniimbia njia nzima. Njia ya mtoni inapita mbele ya nyumba yake. Alikuwa kibarazani, mama yake anamkanda mguu kwa maji ya moto, na sisi tulipita tukiimba. Ndiyo siku ile mama mzee aliponiuliza kwa mara ya kwanza kama mashini imeonekana.

Vita viliisha polepole, hakuna aliyeweza kusema ni siku gani. Shemeji yangu aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu ya mji wa Kama alinitumia cherehani nyingine. Watoto walikua, pikipiki zikajaa mtaani, kanisa likapata bati jipya na mikrofoni ambayo hatukuihitaji. Mimi nikawa mkubwa wa akina mama. Nani angefaa kuliko mimi? Mjane niliyemwachia Mungu kesi yangu, naye akanijibu kwa macho ya wote. Wanawake wenye mateso waliletwa kwangu niwatie moyo, na niliwaambia wamtumaini Mungu wa haki, hachelewi, hasahau. Walikwenda zao wamefarijika. Naona haya nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikilisema vizuri.

Na yaya? Tulisalimiana. Kwenye vilio tulimenya mihogo pamoja. Ukiishi ukuta kwa ukuta na mtu huwezi kununa miaka ishirini, kununa kunachosha. Wasichana waliozaliwa baada ya vita walimwita mama wa mashini bila kujua maana yake, na wawili katika wachumba waliomjia baada ya kusikia jina hilo hawakurudi. Siku moja ya Pasaka roho yangu ilifurahi kupita kiasi, nikamwita kando nikamwambia kwamba nimemsamehe. Ndiyo, nilimsamehe!

"Aksanti, mudogo wangu," akasema. "Lakini mimi ningali nangoja."

Jiwe lake lilikuwa lingali kwenye beseni. Desturi yenyewe ilikwisha kufa, beseni likasogezwa pembeni karibu na ngoma, lakini kila Jumapili jicho langu lilikwenda kwenye kile kitambaa cha buluu. Nilikiogopa. Mwanangu wa pili alipougua mapafu, nilisema ni jiwe lile. Nilipoangushwa na pikipiki sokoni, nilisema ni jiwe lile. Haki ya Mungu niliipenda sana ilipokuwa ikielekea kwa jirani. Ikigeuza uso kidogo tu upande wangu, usingizi ulinipaa.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, upepo ulilaza jiko langu la nje. Nikaamua kulihamisha karibu na mlango. Niliondoa mafiga yote matatu, nikaanza kuchimba mahali pa kupanda mboga, maana majivu ya zamani yana mbolea. Jembe lilipita kwenye majivu, likapita kwenye udongo ulioungua ukawa mwekundu, likaendelea, kisha likagonga chuma.

Ilikuwa imefungwa kwenye koti la mvua la watu wa reli. Juu ya koti kulizungushwa waya, mizunguko mitatu na ncha imekunjwa kwa ndani, kama mume wangu alivyofunga kila kitu maishani mwake. Nilielewa yote kabla sijaifungua. Alipokuja mjini ile mara moja, aliona udongo mpya kando ya migomba unaonekana na kila mpita njia, basi akaihamishia chini ya jiko, kwa sababu majivu hayaonyeshi kwamba yamechimbwa. Mashini iko sawa, usiogope. Ilikuwa sawa kabisa. Miaka yote ile nilikuwa napika juu yake, nakoroga ugali na kumlaani jirani. Na ile chumvi tuliyokula porini, ingetoka wapi, kama si kwenye kikopo kile kile cha yaya? Alimpa mume wangu kidogo atuletee, na mimi nikaifanya ushahidi.

Niliketi pale kwenye majivu. Nitasema kweli, kwa kuwa uongo nimeshautumia wa kutosha. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa yaya, wala mguu wake, wala mume wangu. Kitu cha kwanza kilikuwa: nani ameniona?

Hakuna aliyeniona. Niliifunga tena, nikaiingiza ndani, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaweka sanduku la nguo mbele yake. Kisha nikatoka kuchota maji ya kunawa. Nilikuwa bado na majivu miguuni nilipopita mbele ya kibaraza.

"Mashini ilionekana?"

"Bado, mama."

"Itaonekana," akasema. "Mutoto wangu haibi."

Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili ilipofika nikajiambia tungoje Noeli, watu wakiwa na furaha wanasamehe upesi. Baada ya Noeli nikajiambia kwamba mama mzee amedhoofika, habari kubwa itamwua. Nilikuwa na huruma nyingi miezi ile, na zote zilinifaa mimi. Nilijaribu kupita njia ya nyuma kwenda kisimani, lakini ukipita ya nyuma unatokea mbele ya dirisha lake, naye masikio yake yalikuwa mazima. Aliniuliza kila siku. Siku za soko aliniuliza mara mbili, kwenda na kurudi. Alikufa mvua zilipokuwa zikiisha. Nilimshonea nguo ya kuzikiwa, nyeupe, pindo la mkono, na watu wakasema kweli mkubwa wa akina mama ana roho nzuri. Yaya alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliona haina mwisho.

Wiki iliyopita pasta wetu, kijana aliyetoka masomoni ambaye anapenda usafi, alitangaza kwamba lile beseni limekula kutu, mawe yaliyobaki yatatupwa, mwenye lake achukue. Yalikuwa matano. Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka vitu vya wazee. Yaya akasimama, akaja mbele na mguu wake, na ilimchukua muda.

"Pasta, langu muliache."

"Mama, iko na miaka ngapi?"

"Tangu vita."

"Na ungali unangoja?"

"Mungu hakuniambia siku ngapi," yaya alisema. "Mimi nilisema yangu, nikamuachia."

Hakusema kwa kunung'unika. Alisema kama mtu aliyeacha mpunga juani na anajua jua lipo. Mimi nilikuwa benchi la mbele, mkubwa wa akina mama, na kitambaa changu cha kichwani kilichopigwa pasi, na nilitaka ardhi inimeze. Sikumhubiria mtu yeyote siku ile. Nilijua nyumba nzima ninamolala imesimama juu ya kitu kilicho chini ya kitanda. Nikasema moyoni: kama ameomba mabaya yangu, na yaje, ni haki yake. Kesho yake asubuhi niliibeba mashini kichwani nikaenda. Kutoka mlango wangu hadi wake kuku huvuka bila kufikiri. Mimi nilisimama mara mbili.

Alikuwa ameketi akichagua mchele kwenye ungo. Niliiweka mbele yake, nikafungua koti, nikasema yote kwa mara moja, maana nilijua nikipumzika nitakimbia.

"Yaya, hii njo mashini. Bwana yangu aliihamisha chini ya jiko. Haukuiba. Nilikushitaki bure."

Aliweka ungo chini. Akanyoosha mkono, akagusa gurudumu, akajaribu kulizungusha. Kutu ilikuwa imelikamata. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, akapangusa chuma kile kwa pembe ya kikwembe chake kama anayempangusa mtoto pua.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, imeonekana."

"Yaya, lile jiwe lako. Uliniombea nini?"

"Wewe?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sikukuombea mabaya. Niliomba mashini ionekane, njo hiyo tu. Nilisema, Mungu, ikionekana, mudogo wangu atashona, watoto wake watakula, na jina langu litarudi. Mabaya yako yangenirudishia jina namna gani?"

Jiwe nililoliogopa miaka yote ile lilikuwa linaniombea kazi. Na Mungu alilijibu, tena alilijibu kwenye mkono wangu mwenyewe, ile siku jembe lilipogonga chuma. Mama mzee alikuwa hai, kibarazani, hatua chache tu. Mungu hakuchelewa. Mimi ndiye niliyechukua jibu lake nikaliweka chini ya kitanda.

Yaya alikuwa angali anapangusa, uso unang'aa. "Ilionekana lini?" akaniuliza. "Jana?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Angeliamini. Ningesema jana, tungekumbatiana, na kanisa lingeimba. Nilimtazama mguu wake ulionyooshwa pembeni ya ungo, kisigino kimegeukia mahali ambapo kisigino hakielekei.

"Mwaka jana, yaya. Mvua ya kwanza."

Mkono wake ukasimama juu ya gurudumu.

"Mama alikuwa angali," akasema.

"Alikuwa."

"Na alikuuliza."

"Aliniuliza kila siku."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimujibu bado."

Kuku alikuja akaanza kula mchele kwenye ungo, na hakuna kati yetu aliyemfukuza. Nilidhani atanitukana, nami nilitamani anitukane. Nilidhani ataingia ndani na kufunga mlango. Alijiinua polepole, akashika fimbo yake.

"Jumatano utasema mbele ya watu, vile ulisema ile siku, na jina lako lote," alisema. "Jiwe nitalitoa mimi mwenyewe. Lakini iko muntu aliuliza kabla yao. Beba mashini. Twende."

Makaburi yako upande wa mashamba. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Alitangulia, nami nikamfuata na mzigo kichwani, nikifupisha hatua zangu zisimpite. Tulipofika pale mwanzoni mwa njia, mahali ambapo zamani tulikuwa tukihesabiana, hakugeuka. Mimi nilihesabu kimya kimya. Tulikuwa wawili.

Kaburi la mama yake lilikuwa limeanza kuota majani. Yaya aliketi kwa shida, mguu pembeni, akaanza kuyang'oa. Mimi niliiweka mashini chini, nikapiga magoti kwenye udongo.

"Imeonekana, mama," nikasema. "Ilikuwa chini ya jiko langu. Mutoto wako haibi."

Yaya hakuinua kichwa. Aling'oa jani jingine, akakung'uta udongo kwenye mizizi yake.

"Umwambie na siku," akasema.

Nikamwambia.